Georg Ohm, mtoto wa fundi makufuli aliyetufundisha hesabu ya umeme

Georg Simon Ohm alizaliwa Machi 16, 1789, mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi makufuli aliyejifunza hesabu na sayansi mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe nyumbani.

Mwaka 1817 Ohm aliajiriwa kufundisha katika shule ya sekondari mjini Cologne. Huko alianza kupima umeme unavyopita kwenye nyaya za urefu mbalimbali. Betri za wakati ule zilidhoofika kabla hajamaliza kupima. Akaziacha, akaunganisha metali mbili: ncha moja kwenye barafu, nyingine kwenye maji yanayochemka. Umeme ukatulia.

Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni yake: volti zikiongezeka, mkondo huongezeka, ukinzani wa waya ukizidi, mkondo hupungua. Wasomi wengi wa Ujerumani hawakukithamini. Ohm aliacha kazi Cologne, akaishi miaka kadhaa bila ajira ya kueleweka, hadi alipopata nafasi Nuremberg mwaka 1833.

Kanuni hiyo iliyodharauliwa inamhusu kila anayevusha vifaa vya umeme mpakani. Chukua mteja mwenye mzigo wa ampea 10. Ananunua pawa saplai mbili za volti 12, kila moja ya ampea 6, anaziunganisha pamoja akiamini zitagawana nusu kwa nusu. Kumbe moja inatoa volti 12.1 na nyingine 12.0. Kama waya wa kila moja una ukinzani wa omu 0.01 tu, ile ya kwanza inadaiwa ampea zote 10. Inazidiwa, inajizima au inaungua, kisha mzigo wote unaiangukia ya pili.

Ukinzani wa kila upande ukiwa omu 0.1, hesabu inabadilika: moja inabeba ampea 5.5, nyingine 4.5. Zote zinapona. Gharama yake ni kupotea kwa takriban nusu volti, na joto kidogo. Ndiyo maana mafundi hutumia nyaya zenye urefu na unene sawa, na wenye vifaa nyeti hununua pawa saplai zilizotengenezwa kwa ajili ya kugawana mzigo. Kabla ya kuuza mbili za kuunganishwa pamoja, muulize mtengenezaji kama zinaruhusu. Volti 12 zilizoandikwa kwenye kibandiko hazitoshi kuwa dhamana.

Heshima ya Ohm ilianzia ugenini. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku medali ya Copley. Mwaka 1852 akawa profesa wa fizikia mjini Munich, cheo alichokitamani tangu ujana. Alikitumikia miaka miwili tu. Alifariki Julai 6, 1854. Mwaka 1881 mkutano wa mataifa mjini Paris uliupa ukinzani kipimo chenye jina lake, omu.