Leo Fender, karani wa hesabu aliyeujua umeme wa ampli

Ampli kuukuu kutoka Marekani inaposhushwa Kamembe na kupelekwa kwa kwaya moja ya Gihundwe, jambo la kwanza la kuangalia si ukubwa wa spika wala jina lililobandikwa mbele. Ni maandishi madogo ya nyuma, yale yanayotaja volti. Yakisema 117, na soketi ya ukutani ina 230, mchango wa waumini unaweza kugeuka moshi kwa sekunde chache. Jina la mbele, Fender, linajulikana kwa wapiga gitaa kutoka Bukavu hadi Mombasa. Wachache wanajua kwamba Fender alikuwa mtu, kwamba hakujua kupiga gitaa, na kwamba alichosomea chuoni ni uhasibu.

Clarence Leonidas Fender, aliyeitwa Leo, alizaliwa Agosti 10, 1909, katika shamba la michungwa la wazazi wake karibu na Anaheim na Fullerton, kusini mwa California. Utotoni alipoteza jicho moja kwa ugonjwa, akawekewa la kioo. Alipofika miaka 13, mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimpelekea sanduku la vipuri vya redio na betri. Tangu hapo kijana hakuacha kufungua redio na kuzifunga tena. Shule, hata hivyo, ilimpeleka kwenye vitabu vya mapato na matumizi. Alisoma uhasibu katika chuo cha Fullerton, kisha akawa karani, kwanza kwa kampuni ya barafu, baadaye katika idara ya barabara ya jimbo na kampuni ya matairi. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamwondoa kazini.

Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Mkewe, Esther, aliendelea kufanya kazi kampuni ya simu, na kwa miaka mingi mshahara wake ndio uliokuwa nguzo ya nyumba biashara ilipoyumba. Duka liliuza sahani za santuri, lilikodisha vipaza sauti kwa dansi na mikutano, na lilitengeneza chochote chenye waya. (Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walipoanza kazi Gihundwe mwaka 1940, duka hilo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu.) Wanamuziki walianza kumletea ampli zao zilizokufa, na benchi la fundi likawa shule yake. Alichojifunza hapo hakikuwa muziki. Alijifunza vitu vinavyoharibika na kwa nini vinaharibika.

Ampli za wakati ule zilitumia taa, zile chupa za kioo ambazo ndani yake nyuzi huwaka wekundu. Redio kubwa za zamani zilikuwa nazo pia. Fundi yeyote aliyewahi kuzifungua anajua kwamba kasoro nyingi haziko upande wa sauti. Ziko chini, mahali umeme wa ukutani unapotayarishwa kabla ya kugawiwa. Hapo ndipo tabia ya mhasibu ilipomfaa Leo Fender kuliko sikio la mwanamuziki.

Sehemu hiyo inaanza na transfoma. Upande mmoja inapokea umeme wa ukutani. Upande wa pili inatoa malipo ya aina tatu. Kuna volti 6.3 za kupasha moto nyuzi za taa za sauti. Kuna volti 5 kwa ajili ya taa moja ya pekee, ile ya kunyoosha umeme. Halafu kuna volti nyingi, mia tatu na zaidi kila upande wa kati ya waya, ambazo ndizo zinazoipa sauti nguvu. Ampli maarufu ya Fender iitwayo Bassman, toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na taa tatu ndogo za sauti zinazokula ampea 0.3 kila moja na mbili kubwa zinazokula 0.9 kila moja. Jumla ni ampea 2.7 za joto tu, kabla hata nota moja haijalia. Mtu anayejitengenezea ampli nyumbani asipojumlisha hivyo mapema, hununua transfoma ndogo kwa sababu ni ya bei nafuu, na baada ya nusu saa ya ibada anaiona inanuka.

Umeme wa ukutani huenda na kurudi, lakini taa za sauti zinataka unaokwenda upande mmoja. Taa ya kunyoosha huruhusu njia moja na kuziba nyingine. Kinachotoka bado kinakuja kwa mapigo, na mapigo hayo yakifika kwenye spika husikika kama mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Kapasita huyameza: hujaa pigo linapopanda, hutoa linaposhuka, kama pipa linalojazwa na bomba la maji ya kukatika-katika. Baada yake huja koili nzito ya chuma, halafu kapasita nyingine, na kila hatua ya sauti hupewa pipa lake dogo.

Jambo hili la mwisho lilikuwa na uzito kwa sababu ampli za mwanzo za Fender zilikuwa na njia mbili, moja ya kipaza sauti na moja ya gitaa, zote zikila kutoka kwenye akiba moja. Kikundi kidogo kisicho na fedha kiliweza kuimba na kupiga kupitia kasha moja. Lakini kama mapipa hayakutenganishwa, kishindo cha gitaa huvuta umeme wa mwimbaji, sauti inayumba, na wakati mwingine ampli yenyewe huanza kudunda kama injini ya boti bila mtu kuigusa. Dawa ni vipingamizi na kapasita za bei ndogo. Wanaojenga kwa haraka huviruka hivyo kwanza.

Fender hakudai kubuni hayo yote. Michoro ya msingi ilitoka katika vitabu vya watengenezaji wa taa, ambavyo fundi redio yeyote aliweza kuvipata. Ubora wake ulikuwa katika uchaguzi na mpangilio. Mwaka 1945, yeye na rafiki yake Doc Kauffman walianza kutengeneza magitaa na ampli kwa jina la K&F, kwa mtaji wa dola 5,000 walizopata kwa kuuza ubunifu wa mashine ya kubadilisha sahani za santuri. Mwaka uliofuata Kauffman, aliyeogopa madeni, alijitoa. Leo akabaki na deni na jina lake mwenyewe mlangoni. Mauzo aliyaachia Don Randall, mtu aliyejua wauzaji na safari. Mgawanyo huo wa kazi kati ya benchi na barabara ndio uliomwokoa.

Ampli zake zilijengwa kwa kumfikiria fundi atakayezifungua baadaye. Vipuri vilipangwa kwenye ubao mmoja, waya zikafikika, na orodha ya taa ikabandikwa ndani ya kasha. Wapiga muziki wa baa na dansi walipewa ampli za majaribio wazitese, na Leo alikwenda kuwasikiliza, wakati mwingine akitaka kugusa mashine katikati ya wimbo. Kisha zikaja kazi zilizompa umaarufu: gitaa la Telecaster lililotangulia kwa jina la Broadcaster mwaka 1950, besi ya Precision mwaka 1951, na Stratocaster mwaka 1954. Miaka hiyohiyo mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, alikuwa akiwaonyesha wanamuziki wa Léopoldville gitaa la umeme.

Hesabu ya umeme haikukoma kubadilika. Bassman ilitumia taa mbili za kunyoosha, kisha moja yenye mvuke wa zebaki, kisha moja iitwayo GZ34. Toleo hilo la mwisho ndilo lililonakiliwa London mwaka 1962 katika duka la Jim Marshall, ambako mafundi Ken Bran na Dudley Craven walilijenga upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza na kwa transfoma za umeme wa huko. Bei ya kuagiza ampli kutoka Marekani ilikuwa juu mno. Biashara kubwa ya Marshall ilianzia kwenye pengo hilo la bei, jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani halihitaji maelezo.

Pengo la umeme ni hatari zaidi ya la bei. Gihundwe inapata umeme kutoka gridi inayolishwa pia na mto wenyewe: Rusizi I ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Rusizi II inaendeshwa na SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Kongo. Umeme huo hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ule wa Marekani hugeuka mara 60. Ampli ya volti 117 ikichomekwa moja kwa moja, kila malipo ya transfoma huwa karibu mara mbili: nyuzi za 6.3 hupata zaidi ya 12, na kapasita zilizotengenezewa volti 450 hulipuka. Fyuzi ya kweli inaweza kuokoa kitu. Kipande cha waya wa shaba kilichowekwa mahali pake hakiokoi chochote.

Transfoma ya kushushia volti inatatua nusu ya tatizo. Iwe na nguvu ya kutosha, kwa sababu ampli ya wati 40 za sauti huvuta zaidi ya wati 100 ukutani. Hata hapo chuma kilichopimwa kwa mapigo 60 hupata joto zaidi kwenye 50, na kapasita zinapaswa kusubiri muda mrefu kidogo kati ya pigo na pigo, hivyo mvumo huongezeka. Ampli nyingi za zamani zina plagi ya meno mawili bila waya wa ardhi. Mwimbaji anayeshika nyuzi za gitaa huku midomo ikigusa kipaza sauti anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye waya huo. Na ampli iliyozimwa bado ina umeme ndani ya kapasita. Fundi asiyezitoa chaji kwanza anaweza kupigwa na volti mia nne huku plagi iko mkononi mwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Leo Fender alisumbuliwa na maambukizi ya muda mrefu, akaamini hataishi sana. Januari 1965 kampuni ya CBS ilinunua biashara yake kwa dola milioni 13, zaidi ya fedha ilizotoa mwaka mmoja kabla kwa asilimia 80 ya timu ya besiboli ya New York Yankees. Haikuchukua muda daktari mwingine akamponya. Mkataba ulimfunga asishindane na jina lake kwa miaka kumi. Ulipomalizika alishiriki katika Music Man, kisha akaanzisha G&L pamoja na George Fullerton. Esther alifariki mwaka 1979. Leo alioa tena mwaka uliofuata.

Ugonjwa wa Parkinson ulimtetemesha mikono, lakini aliendelea kwenda kazini. Alifariki Machi 21, 1991. Chumba chake cha kazi katika kiwanda cha G&L, mtaa wa Fender Avenue mjini Fullerton, kiliachwa kama alivyokiacha, vifaa vikiwa juu ya benchi.