Mo Amin: Mkono ulienda, kamera ikabaki

Kama umewahi kuvuka daraja la Mbita hadi Rusinga, huenda umeona kaburi la Tom Mboya, lile lenye umbo la risasi. Julai 5, 1969, Mboya alipouawa Government Road jijini Nairobi, siku hizi Moi Avenue, msee mmoja alifika chap na kamera. Picha alizopiga akiwa na miaka 25 tu zilimpa tuzo Uingereza. Huyo ni Mohamed Amin, au Mo.

Alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, jijini Dar es Salaam. Mwaka 1966 akatupwa jela Zanzibar. Alipotoka, alirudi kazini. Oktoba 1984 alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia. BBC ilipozirusha, dunia ilishtuka, na mwaka uliofuata tamasha la Live Aid likachangisha mamilioni.

Kufikia hapo alikuwa supastaa. Lakini stori ninayoipenda zaidi inaanza Juni 4, 1991. Ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakati Mo na wenzake wakilirekodi. John Mathai, aliyekuwa akinasa sauti, alifariki. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Kamera ya habari enzi hizo ilikuwa mzigo wa kubeba begani. Mkono wa kulia unashikilia mwili wa kamera na kubonyeza vitufe, wa kushoto unazungusha lenzi ili picha isiwe na ukungu. Bila huo wa kushoto, wengi wangeona mambo yameisha. Mo akaenda Marekani, akawekewa mkono wa bandia wa kielektroniki, akajifunza kupiga picha upya. Baada ya miezi michache alikuwa kazini tena.

Tusidanganyane lakini. Mo alikuwa na jina, kampuni na marafiki kwenye mashirika makubwa. Kijana wa Nyalenda au Dunga Beach mwenye mkono mmoja na ndoto ya kutengeneza filamu ana bidii kama ya Mo, ila hana simu ya kupiga Marekani. Bidii peke yake haizungushi lenzi. Mo alirudi kwa sababu kuna watu walikaa chini wakatafuta kifaa kinachomfaa, badala ya kumtafutia kazi ya ofisini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda kurudi Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, Mo akiwemo, akiwa na miaka 53. Ile miaka mitano ya mwisho alifanya kazi kwa mkono mmoja wa nyama na mmoja wa mashine.

Kwa hivyo wewe mwenye studio pale Kisumu, akija kijana mwenye ulemavu kuomba kazi, usianze kwa kumwangalia mkono. Muulize kamera ifungwe vipi.