Dom Pérignon, Mtunza Ghala Mwaminifu wa Abasia ya Hautvillers

Katika sherehe zetu za ndoa, za jubilei na za upadrisho, hufika wakati ambapo wageni husimama na chupa ya shampeni hufunguliwa kwa kishindo. Vigelegele husikika, glasi hugonganishwa, na siku hizi katika baadhi ya meza huandaliwa pia chokoleti ya kusindikizia kinywaji hicho. Huenda ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba jina mojawapo lililo maarufu kabisa katika historia ya shampeni ni la mmonaki, aliyeishi na kufa chini ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Tunapenda kuyatafakari maisha yake, kwanza kwa sababu yana mafundisho kwa kila anayekirimu wageni, na pili kwa sababu yamefunikwa na sifa zisizo za kweli, nasi hatuna sababu ya kumheshimu marehemu kwa uongo.

Pierre Pérignon alizaliwa Sainte-Menehould, mji mdogo wa eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, akabatizwa tarehe 5 Januari 1639. Alisoma kwa Mapadre Wajesuiti huko Châlons, kisha akajiunga na Wabenediktini wa abasia ya Saint-Vanne huko Verdun. Abasia hiyo ilikuwa chimbuko la matengenezo ya maisha ya kimonaki, ikisisitiza sala, masomo na kazi za mikono. Dom, neno litangulialo jina lake, ni cheo cha heshima wanachopewa wamonaki wa shirika hilo.

Mwaka 1668 alitumwa Hautvillers, abasia iliyo juu ya kilima kinachotazama mto Marne, karibu na mji wa Épernay. Ilianzishwa katika karne ya 7 na Mtakatifu Nivard, Askofu wa Reims, na ilitunza masalia ya Mtakatifu Helena, mama yake Kaisari Konstantino. Kwa hiyo mahujaji walifika, na wageni walipaswa kupokewa. Dom Pérignon akakabidhiwa kazi ya mtunza ghala, yaani kusimamia chakula, divai, mashamba na mapato ya abasia. Aliishika kazi hiyo kwa miaka 47, hadi kifo chake.

Wapo watakaoiona kazi hii kuwa ndogo kwa mtu aliyejitoa kwa Mungu. Mtakatifu Benedikto hakuiona hivyo. Katika sura ya 31 ya Kanuni yake anataka mtunza ghala awe mwenye hekima na kiasi, asiye na majivuno wala tamaa, anayevitunza vyombo vyote vya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Wamonaki wa Peramiho na Ndanda, ambao wengi wetu tunawafahamu, wanaishi kwa Kanuni hiyohiyo. Kwa jicho la imani, pishi la divai lilikuwa jirani wa kanisa.

Dom Pérignon aliifanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa. Desturi zinazohusishwa na utumishi wake zinaonyesha hivyo: kupogoa mizabibu kwa ukali ili izae kidogo lakini vizuri, kuvuna asubuhi wakati wa ubaridi, kutupa zabibu zilizopondeka, na kuzikamua upesi na kwa upole ili zabibu nyeusi zitoe divai nyeupe safi. Zaidi ya yote alisifiwa kwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali kabla ya kukamuliwa, ili upungufu wa shamba moja ufidiwe na wema wa jingine. Bruda Pierre, mwanafunzi wake, aliandika kwamba zabibu zililetwa na kuachwa dirishani usiku kucha, na Dom Pérignon alizionja alfajiri kabla ya kula kitu chochote.

Hapa yatupasa kusema ukweli. Inasimuliwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyegundua shampeni yenye mapovu, na kwamba alipoionja aliwaita wenzake kwa furaha akizungumzia nyota. Sivyo. Mwaka 1662, miaka 6 kabla hajafika Hautvillers, mwanasayansi Christopher Merret alikwisha kueleza huko London jinsi wafanyabiashara walivyotia sukari katika divai ili itoe mapovu. Katika Champagne kwenyewe mapovu yalikuwa kero. Baridi ya majira ya kipupwe ilisimamisha uchachukaji kabla haujakamilika. Joto la masika lilipofika, chachu iliamka tena, hewa ikajaa ndani ya chupa, na chupa dhaifu za wakati ule zikapasuka. Yaelekea mtunza ghala wetu alijitahidi kuyazuia mapovu kuliko kuyatafuta.

Sifa hizo zilikua zaidi ya karne moja baada yake. Mapinduzi ya Ufaransa yaliifunga abasia na kuwatawanya wamonaki. Mwaka 1821 Dom Groussard, mmonaki wa zamani wa Hautvillers, aliandika barua iliyomkweza Dom Pérignon kupita kiasi, na wafanyabiashara wakaendeleza pale alipoishia. Mwaka 1936 chupa zenye jina lake zilianza kuuzwa kwa bei ambayo wengi wetu hatuwezi kuimudu. Hivyo mmonaki aliyeweka nadhiri ya kutomiliki kitu akawa alama ya anasa.

Vivyo hivyo, hakuwahi kuandaa shampeni pamoja na vipande vya chokoleti. Katika zama zake chokoleti ilinywewa, na Kardinali Francesco Maria Brancaccio, katika andiko lake la mwaka 1664, alitetea hoja kwamba kinywaji hicho hakivunji mfungo. Chokoleti ya kutafuna ilianza kuenea katika karne ya 19. Hata hivyo, wanaokirimu wageni leo wanaweza kujifunza kutokana na njia yake ya kuoanisha. Shampeni kavu, yenye sukari chini ya gramu 12 kwa lita, hugombana na chokoleti nyeusi, kwa kuwa ukali wa moja huzidisha uchungu wa nyingine. Kinachofaa ni divai iliyo tamu angalau kama kile kinacholiwa: shampeni ya aina ya demi-sec, yenye gramu 32 hadi 50, kwa chokoleti ya maziwa, na divai nyekundu tamu kama Porto kwa chokoleti nyeusi. Kimoja kisimeze kingine. Kila kimoja kimpishe mwenzake.

Lakini Kanuni inatudai zaidi ya ladha. Sura ya 53 inaagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na kwamba maskini na mahujaji wapewe uangalizi wa pekee. Sura ya 40 inaweka kipimo cha divai kwa siku, na kuwaahidi thawabu wale waliojaliwa neema ya kujizuia. Basi, tuandaapo karamu, tujiulize kama tumemkumbuka mgeni asiyekunywa, na kama yule asiye na cha kutulipa amepata nafasi mezani petu.

Dom Pérignon alifariki dunia Septemba 1715, mwezi uleule alipofariki Mfalme Ludoviko wa 14, akazikwa katika kanisa la Hautvillers, ambako kaburi lake lipo hadi leo. Ukimwondolea uvumbuzi asioufanya, anabaki mtu aliyepewa funguo za ghala akiwa kijana na kuzirudisha akiwa mzee, bila kupunguza bidii katikati. Katika parokia zetu wapo wengi wa namna hiyo: watunza hazina wa jumuiya, wapishi wa sherehe, akina mama wanaobaki kuosha vyombo wageni wakiisha kuondoka. Tumwombe Mungu atujalie kuuona utumishi wao, na kuufanya wa kwetu kwa uaminifu uleule.