Oscar Baumann

Oscar Baumann (Vienna, 25 Juni 1864 – Vienna, 12 Oktoba 1899) alikuwa mpelelezi na mchoraji wa ramani kutoka Austria. Ramani zake zilikuwa kati ya za kwanza kuchapishwa kuhusu nyanda za kaskazini mwa Tanzania, zikiwemo sehemu za Mbulu na Hanang.

== Safari za kwanza ==
Mwaka 1885 alijiunga na msafara wa Oskar Lenz katika Kongo, lakini ugonjwa ulimlazimu kurudi. Mwaka 1888 alisafiri Usambara pamoja na Hans Meyer. Vita vya Abushiri vilipoanza, wote wawili walikamatwa, wakaachiwa baada ya fidia kulipwa.

== Umasaini na Mbulu ==
Mnamo Januari 1892 aliondoka Tanga kwa niaba ya kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuripoti juu ya maziwa Manyara na Eyasi, na mnamo Machi aliingia kreta ya Ngorongoro. Wenyeji waliyajua maeneo hayo tangu zamani. Alikuta Wamasai wakifa kwa njaa, kwa kuwa sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe wao.

Kisha alifika Ziwa Viktoria na Burundi, ambako aliutaja mto Ruvubu kuwa chanzo cha Nile. Katika kurudi pwani alipita nchi ya Wadatoga karibu na mlima Hanang, ambao Wajerumani waliuita Gurui, na nchi ya Wairaqw. Mapema mwaka 1893 safari ilikwisha. Msafara wake ulikuwa na askari wenye bunduki, nao ulipigana na wenyeji mara kadhaa. Habari hizi alizichapisha mwaka 1894 katika kitabu *Durch Massailand zur Nilquelle*.

== Zanzibar ==
Baadaye alipima visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, akaandika kitabu juu ya kila kimoja. Alichora pia ramani ya mji wa Zanzibar, na wanahistoria wa Mji Mkongwe huitumia hadi leo. Kuanzia mwaka 1896 alikuwa konsuli wa Austria-Hungaria huko Zanzibar. Maradhi yalimrudisha kwao, akafariki akiwa na umri wa miaka 35.

== Umuhimu ==
Kazi yake ina pande mbili. Ramani zake ziliwasaidia watawala Wajerumani kuijua nchi waliyotaka kuitawala. Hata hivyo maandishi yake ni kati ya maelezo ya kale zaidi yaliyoandikwa kuhusu watu wa Mbulu na Hanang kabla ya ukoloni kufika kwao.