Alan Turing na Watumishi wa Mashine

  Safu hii ya watu mashuhuri waliotutangulia imezoea kutuletea mashujaa wa Afrika, na hilo ni jema. Leo naomba ruhusa niwaletee Mwingereza, tena mtu wa hesabu. Msikimbie! Siku hizi kila tukikutana, iwe maktaba au kwenye pilau la Idi, mazungumzo ni akili bandia, au akili mnemba kama wengine wanavyoiita. Nani kaitumia kuandikia insha, nani kakamatwa, na je, tukimaliza hizi digrii tutakuta kazi zipo? Tunaongea kana kwamba kitu hiki kilidondoka kutoka mbinguni mwaka 2022 ilipotoka ChatGPT. Kumbe mbegu yake ina umri wa babu zetu, na mmoja wa walioipanda ni Alan Turing.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni India, upande wa Madras. Wazazi walikuwa huko kazini, na Alan na kaka yake John wakaachwa Uingereza kulelewa na familia ya mwanajeshi mstaafu. Sisi tuliolelewa na bibi au mama mdogo huku wazazi wakitafuta riziki mbali tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, siku aliyotakiwa kuripoti shule ya bweni ya Sherborne iligongana na mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Treni hakuna. Kijana akapanda baiskeli yake kutoka Southampton, karibu kilomita 100, akalala njiani, kesho yake akaingia shuleni. Huyo ndiye mtu wetu: ukimwambia njia imefungwa, anatafuta nyingine.

Shuleni alipata rafiki wa kweli, Christopher Morcom, aliyependa sayansi kama yeye. Februari 1930 Morcom alifariki kwa kifua kikuu. Msiba huo ulimwachia Turing swali ambalo halikumtoka tena: akili ya binadamu ni kitu gani, na inakaaje ndani ya mwili?

Mwaka 1931 alijiunga na King's College, Cambridge. Mwaka 1936, akiwa hajatimiza miaka 24, aliandika makala iliyobadilisha dunia, na aliiandika bila kugusa mashine yoyote. Wakati ule neno la Kiingereza tunalolijua leo kama kompyuta lilikuwa jina la mtu, karani aliyeajiriwa kupiga hesabu kutwa nzima. Turing akajiuliza, karani huyu anafanya nini hasa? Anatazama alama moja kwenye karatasi, anafuata kanuni, anaandika alama nyingine, anasogea mbele au nyuma. Basi kama ni hivyo, mashine inaweza kufanya vilevile. Akaenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba mashine moja tu inatosha kufanya kazi ya mashine nyingine zote, mradi uilishe maagizo yanayofaa. Hayo maagizo leo tunayaita programu. Simu yako inayopiga picha, inayocheza muziki na inayotuma pesa nyumbani ni mtoto wa wazo hilo.

Vita vikaja. Septemba 1939, Turing aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua ujumbe wa adui. Wajerumani walificha mawasiliano yao kwa mashine iitwayo Enigma. Wanahisabati wa Poland ndio walioanza kuifungua, na Julai 1939 waliwapa Waingereza na Wafaransa ujuzi wao wote. Turing akajenga juu ya msingi huo, akabuni mashine ya Bombe, na Gordon Welchman akaiboresha. Turing pia aliongoza kazi ya kufumbua ujumbe wa jeshi la majini la Ujerumani, kazi iliyosaidia misafara ya meli kukwepa nyambizi baharini.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Tukisimuliwa habari hizi tunaonyeshwa bingwa mmoja na mashine yake. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa 1945 Bletchley Park na vituo vyake walikuwako watu karibu 9,000, na kama robo tatu yao walikuwa wanawake. Wasichana wa jeshi la majini ndio waliozihudumia zile Bombe, zamu usiku na mchana, kwenye kelele na mafuta, wengi bila kuambiwa kazi ile ni ya nini hasa. Na Turing mwenyewe alilijua hilo. Oktoba 1941 yeye na wenzake watatu waliwaruka wakubwa wao, wakamwandikia Waziri Mkuu Churchill moja kwa moja. Hawakudai vyeo. Walilalamika kwamba kazi inakwama kwa kukosa makarani na wahudumu wa mashine. Churchill akaamuru wapewe walichotaka haraka.

Jambo hili lilifika mpaka kwetu. Mwaka 1942 kituo cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa Wajapani kilihamishiwa Mombasa, kikawekwa kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram. Kilifanya kazi hapo hadi 1943, kikijulikana kwa jina la Kilindini. Turing hakufika huko, lakini kazi yenyewe ilikuwa ileile. Nawaambia hasa wenzangu wa Mombasa mliopita hapo mkienda zenu ufukweni.

Vita vilipokwisha, Turing akahamia Maabara ya Taifa ya Fizikia, Teddington, kuchora ramani ya kompyuta halisi. Jioni alikuwa anakimbia. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46. Wakenya najua mnacheka, lakini kwa mtu aliyeshinda ofisini na hesabu, jamani, si haba.

Mwaka huohuo, Februari, alitoa mhadhara London ambao mimi nauona ni muhimu kwetu kuliko kazi zake nyingine zote. Alieleza kwamba watakaoizunguka mashine watakuwa wa aina mbili: mabwana, wanaoitungia maagizo, na watumishi, wanaoilisha kadi, wanaorekebisha kinachoharibika na kuikusanyia taarifa inazohitaji. Kisha akasema kwamba baada ya muda mashine itachukua kazi za watumishi, na za mabwana vilevile, kwa sababu kazi yoyote ikishakuwa ya kurudiarudia inaweza kuandikiwa maagizo. Akaongeza kwamba huenda mabwana wakakataa kuondoka, wakajificha nyuma ya maneno magumu ili kazi yao ionekane ni muujiza. Mwaka 1947, jamani!

Mwaka 1948 aliandika ripoti juu ya mashine zinazojifunza. Mkuu wake hakuithamini, na haikuchapishwa wakati wa uhai wake. Akahamia Manchester, na Oktoba 1950 akatoa makala yake maarufu. Alishauri tuache ubishi usiokwisha kuhusu kufikiri ni nini, tufanye jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi, upande wa pili pawe na mtu na mashine, halafu tuone kama ataweza kuwatofautisha. Akapendekeza pia kwamba badala ya kuunda akili ya mtu mzima, tuunde ya mtoto kisha tuifundishe. Na ndivyo ilivyokuja kuwa, kwa maana programu za leo hazijaandikiwa kila kitu, zimefundishwa kwa mifano.

Mwisho wake unauma. Januari 1952 nyumba yake iliibiwa, akaenda polisi kama raia yeyote. Katika kuhojiwa akakiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, na sheria ya Uingereza wakati ule ililihesabu hilo kosa la jinai. Machi akatiwa hatiani. Ili asifungwe akakubali kudungwa homoni kwa mwaka mzima, na akanyang'anywa kibali cha kazi za siri za serikali. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sayanaidi nyumbani kwake Wilmslow, akiwa na miaka 41. Uchunguzi uliamua kwamba alijiua. Najua mada hii inawasha moto kwenye mikutano yetu, na wengine watairuka aya hii. Mimi nasema hivi tu: nchi iliyookolewa kwa kichwa cha mtu huyu ndiyo iliyomvunja, kisha ikachukua miaka 55 kusema samahani. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi mwaka 2009, msamaha wa kifalme ukatolewa 2013, na mwaka 2021 picha yake ikawekwa kwenye noti ya paundi 50, ile ambayo sisi wanafunzi tunaisikia tu.

Jina la akili bandia lilienea baada ya mkutano wa Dartmouth, Marekani, mwaka 1956, miaka miwili tangu afariki. Miongo mingi ikapita, fedha za utafiti zikija na kukauka. Mwaka 2012 watafiti wa Toronto walishinda shindano la kutambua picha, na mbio zikaanza upya. Picha zile zilikuwa zimewekwa alama na makumi ya maelfu ya watu waliolipwa vijisenti kupitia intaneti. Mwaka 2023 kampuni ya Nvidia, inayouza vifaa vya kuendeshea akili bandia, ilivuka thamani ya dola trilioni 1. Na Januari mwaka huohuo gazeti la Time liliripoti kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wamelipwa chini ya dola 2 kwa saa, kupitia mkandarasi, kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji na kuyawekea alama ili programu ya ChatGPT ifundishwe kuyakwepa.

Hao ndio watumishi aliowataja Turing, wanaoikusanyia mashine taarifa. Wengine ni ndugu zetu, wana digrii kama hizi tunazozitafuta hapa. Tofauti ni kwamba Turing aliwahesabu watumishi wake, na walipopungua aliandika barua mpaka kwa Waziri Mkuu. Mabwana wa leo wanapotuonyesha mashine inayozungumza, watumishi hawatajwi.

Basi tufanyeje? Kwanza, ninyi mnaosoma kompyuta, sheria na uchumi, mkiambiwa mambo haya ni magumu mno kwenu, kumbukeni onyo lile la maneno magumu, mwulize tena: nani kaifundisha, kwa lugha ya nani, na kalipwa ngapi? Pili, tusiishie kulalamika. Tangu 2019 watafiti wa Kiafrika wana umoja wao, Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja, wanaotafiti ili mashine zielewe lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Wengi wao walianza kwa kujitolea tu. Kujiunga hakuhitaji uwe na trilioni. Turing alianza na karatasi na swali moja, akiwa na umri kama wetu.