William Tyndale

William Tyndale (takriban 1494 – Oktoba 1536) alikuwa padre na mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kwa Kiingereza, kazi iliyogharimu maisha yake.

Maisha

Alizaliwa Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford. Baadaye alifundisha watoto nyumbani kwa Sir John Walsh huko Little Sodbury. Hapo alibishana mara nyingi na mapadre wa jirani, akiona hawaijui Biblia vizuri.

Wakati ule Biblia ya kanisani ilikuwa ya Kilatini, lugha ambayo watu wa kawaida hawakuielewa. Tangu mwaka 1409 ilikatazwa kutafsiri Maandiko bila kibali cha askofu, kwa sababu ya hofu juu ya wafuasi wa John Wycliffe. Hivyo mwaka 1523 Tyndale alikwenda London kumwomba askofu Cuthbert Tunstall msaada. Tunstall alikuwa msomi wa Kigiriki, lakini alimkatalia. Mfanyabiashara wa nguo Humphrey Monmouth alimpa makao, na mwaka 1524 Tyndale akaenda Ujerumani. Hakurudi tena kuishi kwao.

Tafsiri

Uchapaji ulianza Cologne mwaka 1525, lakini habari ikavuja na wakuu wa mji wakauzuia. Tyndale alitoroka na kurasa zilizokwisha kuchapwa, akafuata mto Rhine hadi Worms. Huko Agano Jipya lote lilitolewa mwaka 1526. Nakala ziliingizwa Uingereza kwa magendo, nyingine zikifichwa ndani ya marobota ya nguo. Tunstall aliagiza zichomwe moto.

Ugomvi haukuhusu lugha tu. Pale watu walipozoea kusoma "kanisa", Tyndale aliandika neno lenye maana ya kusanyiko, na badala ya "padre" aliweka "mzee". Maneno hayo machache yaligusa mamlaka yote ya wakleri, na Thomas More aliandika vitabu virefu kumpinga.

Tyndale alijifunza pia Kiebrania, akatoa vitabu vitano vya Musa mwaka 1530. Mwaka huohuo alipinga kwa maandishi mpango wa mfalme Henry VIII wa kumwacha Katerina wa Aragon. Kwa hiyo hata mfalme aliyekuwa akielekea kuachana na Papa hakuwa rafiki yake.

Kifo

Mwaka 1535 aliishi Antwerp kati ya wafanyabiashara Waingereza. Henry Phillips, Mwingereza aliyejifanya rafiki, alimsaliti, akafungwa zaidi ya mwaka mmoja katika ngome ya Vilvoorde karibu na Brussels. Barua yake ya gerezani imehifadhiwa: aliomba nguo za joto, taa ya jioni, na Biblia ya Kiebrania pamoja na kamusi yake. Waziri Thomas Cromwell alijaribu kumwombea, bila mafanikio. Alihukumiwa kuwa mzushi, akanyongwa, na mwili wake ukachomwa moto.

Mwaka 1537 rafiki yake John Rogers alitoa Biblia ambayo sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Tyndale. Iliuzwa kwa idhini ya Henry VIII, ila jina lililowekwa mbele lilikuwa Thomas Matthew. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilihifadhi maneno yake mengi.

Kati ya nakala za Worms zinajulikana tatu tu: mbili ziko London, moja Stuttgart.