Daktari wa jicho moja na watoto wa dripu

Mama mmoja mwenye meza ya mitandio Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliniuliza kama Burkitt ni jina la mdudu. Alikuwa ameambiwa mtoto wake ana saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, na hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Nikamjibu kuwa ni jina la mtu, tena daktari aliyefanya kazi jirani zetu Uganda. Binti yake wa miaka sita alikuwa bado na saa mbili za dripu, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Nikamsimulia, na leo nawasimulia ninyi wazazi wenzangu.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Baba yake alikuwa mhandisi, na nje ya kazi alipenda kufuatilia ndege wa bustanini: aliwafunga pete miguuni na kuchora kwenye ramani kila ndege anaishi wapi. Ramani hiyo tutairudia. Akiwa na miaka 11 Denis alipigwa jiwe usoni na jicho lake la kulia likaharibika kabisa. Kwa hiyo daktari huyu, kabla hajamshika mtoto yeyote, aliwahi kuwa mtoto mikononi mwa madaktari.

Alianza kusomea uhandisi Dublin kama baba yake, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935, kisha akawa mpasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho moja. Vita Kuu ya Pili ikamleta Kenya na Somalia kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Baadaye alihamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja alichungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi kwenye majani na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka nje kumpima na kukuta uvimbe tumboni pia. Ajali haiji mara mbili kwa namna moja, ndivyo alivyofikiri, akaanza kupekua mafaili ya hospitali.

Hapo ndipo damu ya baba ilipojitokeza. Alituma barua na picha kwa hospitali za Afrika nzima akiuliza nani amewaona watoto wa namna hii, na kila jibu likawa alama kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961, miezi ileile Tanganyika ilipokuwa ikisubiri uhuru, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu kwa wiki kumi, wakaenda kilomita kama 16,000 hadi kusini mwa bara, wakipita hospitali zaidi ya 50. Waligundua kuwa ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, kule kwenye malaria nyingi, na milimani kwenye baridi haupo. Mwaka 1964 watafiti wa London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho karibu sote tunacho na wengi hakitudhuru, kwa hiyo mtoto mwenye saratani hii hamwambukizi mwenzake saratani, wala hajalogwa.

Mulago wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu peke yake hakikutosha. Burkitt alipata dawa za saratani kutoka kwa madaktari wa New York, akazijaribu. Uvimbe uliokuwa ukikua siku hadi siku ulianza kusinyaa ndani ya siku chache. Wapo watoto waliopata dozi moja au mbili, wakarudishwa kijijini, na miaka baadaye wakakutwa wazima. Lakini wengi ugonjwa uliwarudia.

Mama wa mitandio alinisimamisha hapo. Uso wa binti yake ulikuwa umeshapungua baada ya dripu ya kwanza, na nyumbani walikuwa wameanza kumwambia inatosha, mtoto anateswa. Nikamwambia: uvimbe usioonekana haujaisha. Dawa hizi huenda kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki mbili, kwa sababu kila mzunguko unaua seli zilizobaki.

Sasa mtoto wa miaka sita anayejua kinachomsubiri utampandishaje daladala? Kwanza, usimdanganye kuwa mnakwenda kununua viatu. Akidanganywa mara moja, safari ya pili ataanza kulia mlangoni kwenu. Mwambie jioni iliyotangulia, kwa ufupi: sindano itauma kidogo, kisha utakaa na dripu, nami nitakuwepo. Wala sindano ya daktari isiwe fimbo ya kumtishia akikataa kula. Anapochomwa, mpakate ameketi kifuani kwako. Zamani tulikuwa tukimlaza mtoto chali na kumshika watu wanne. Nimewahi kufanya hivyo, na sijivunii. Mpe jambo la kuamua: mkono upi, katuni ipi kwenye simu. Apulize mapovu ya sabuni wakati nesi anatafuta mshipa. Chakula anachokipenda zaidi msimpe siku ya dripu, maana akitapika atakichukia. Na mkirudi nyumbani, joto likifika 38, iwe usiku au sikukuu, rudini hospitali saa hiyohiyo. Damu yake wakati huo haina askari wa kutosha.

Burkitt aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960. Uingereza alikuwa maarufu zaidi kwa kuwahubiria watu kula nyuzinyuzi, akitumia alichokiona kwenye sahani za Waafrika: nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga. (Nikipita Kariakoo saa saba mchana kwenye foleni za chipsi, namkumbuka.) Alifariki mwaka 1993, na dawa za familia ileile aliyoijaribu bado zimo kwenye dripu za watoto wetu.

Binti wa Mtaa wa Kongo amemaliza dripu ya nne. Huchagua mkono wa kushoto, na plasta huibandua mwenyewe. Juzi mama yake aliniuliza tena, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, kama zilizobaki ni za lazima. Nilimjibu ni za lazima, akatoa kadi ya kliniki kwenye mkoba tukaandika tarehe.